Makao makuu yametuambia tukodi ofisi wenyewe. Je, barua hiyo inatosha?

SWALI: Ninafanya kazi ya utawala katika tawi la taasisi moja ya serikali hapa Nakuru. Mkataba wa ofisi tuliyomo unaisha mwishoni mwa Juni. Miaka yote makao makuu Nairobi ndiyo yaliyotafuta ofisi, yakapatana na mwenye jengo na kusaini. Sisi tulikabidhiwa funguo tu. Safari hii tumeletewa barua fupi isemayo, "Matawi yameruhusiwa kukodi ofisi zao." Mkuu wetu amepata orofa nzuri karibu na Kenyatta Avenue. Mwenye jengo ameshaleta mkataba wa miaka 5 na miezi 3, na anatuhimiza tuhamie hata kabla ya kusaini ili nafasi isichukuliwe. Je, mkuu wetu anaweza kusaini? Mambo yakiharibika, ni nani atakayebeba mzigo? Na wewe mwenyewe waonaje, ni busara kuachia taasisi na matawi yake yajikodie ofisi?

JIBU: Mkuu wenu asisaini bado. Sisemi hivyo kwa kulishuku jengo. Huenda ni zuri kuliko mlimo sasa. Nasema hivyo kwa sababu barua hiyo, kama ulivyoinukuu, haijampa mtu yeyote mamlaka. Imeyapa matawi, na tawi halisaini mkataba wala haliitwi mbele ya kamati ya Bunge kujieleza. Sheria inamtaka afisa anayejulikana kwa cheo chake, aliyepewa kazi inayojulikana mipaka yake.

Watu wengi hudhani sheria ya ununuzi wa umma inahusu magari, saruji na karatasi za ofisini. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uondoaji wa Mali ya mwaka 2015 inapoeleza ununuzi ni nini, inataja pia kupanga na kukodi. Kwa hiyo ofisi mnayoitafuta ni ununuzi kamili, na mwenye dhima ya ununuzi wote wa taasisi ni afisa mhasibu. Simaanishi yule anayeandika hundi. Afisa mhasibu katika wizara ni katibu wa wizara. Katika shirika la serikali kwa kawaida ni mkurugenzi mkuu. Huyo anaweza kukasimu, yaani kumkabidhi mwingine, baadhi ya mamlaka yake, lakini kifungu cha 69 kinadai ukasimishaji huo wa kuidhinisha ununuzi uwe wa maandishi, na utoke kwake mwenyewe.

Basi jambo la kwanza la kufanya kesho asubuhi ni kuiangalia tena ile barua pale chini. Nani ameisaini? Ikiwa ni mkuu wa utawala wa Nairobi, kwa niaba yake mwenyewe, hakuna kilichokasimiwa. Asiye na mamlaka hawezi kumpa mwingine mamlaka. Na hata kama yeye aliwahi kukasimiwa, hiyo haimruhusu kuyasukuma zaidi hadi kwenu, isipokuwa kama barua aliyopewa inasema hivyo.

Kuna kosa lingine ambalo nimeliona mara nyingi kwenye matawi ya magharibi, kuanzia Kakamega mpaka Kisii: mkuu wa tawi hushika AIE yake na kusema, "Fedha nimepewa, kwani nangoja nini?" AIE ni ruhusa ya kutumia kiasi fulani katika mwaka huu wa fedha, nao unafunga Juni 30. Mkataba wa miaka 5 unafunga bajeti ambazo Bunge halijazipitisha. Ruhusa ya kutumia fedha za mwaka mmoja haiwi ruhusa ya kuiweka taasisi kwenye deni la miaka mitano, hata kama kodi ya mwaka wa kwanza imo yote ndani yake.

Jambo la pili ni kujua taasisi yenu ni ya aina gani, kwa kuwa hukulitaja. Ikiwa imeundwa na sheria yake kama shirika lenye nafsi ya kisheria, lenye uwezo wa kumiliki mali, kushtaki na kushtakiwa, basi shirika ndilo mpangaji. Soma sheria iliyoliunda uone nani anasaini na kama lakiri inahitajika, na uulize kama bodi imeweka kiwango ambacho mkurugenzi hawezi kukivuka bila kurudi kwenye bodi. Lakini ikiwa ninyi ni idara tu ndani ya wizara, hamna nafsi. Mpangaji ni Serikali ya Kenya, mkataba unafanywa kwa niaba yake, na maafisa wa milki, yaani wasimamizi wa majengo ya serikali, walio chini ya wizara inayoshughulikia nyumba ni watu wa kuhusishwa tangu mwanzo. Nimewahi kusoma mkataba ambao mpangaji aliandikwa "Ofisi ya Tawi, Kisumu". Mpangaji wa namna hiyo hayupo duniani, na wakili wa mwenye jengo alipaswa kuliona hilo kabla ya mtu yeyote.

Sasa nani atabeba mzigo. Hapa sheria mbili zinaonekana kuvutana, na maafisa wengi hushika moja tu. Sheria ya Mikataba ya Serikali inasema afisa wa umma hatashtakiwa yeye binafsi kwa mkataba alioufanya katika wadhifa wake. Kwa hiyo mwenye jengo akidai kodi yake, atadai Serikali, hatakuja kukamata ng'ombe wa mkuu wenu kijijini. Watu husikia hayo wakapumua. Lakini Katiba, ibara ya 226(5), inasema afisa wa umma anayeelekeza au kuidhinisha fedha za umma zitumike kinyume cha sheria anawajibika kwa hasara itakayotokea, awe bado ofisini au ameshaondoka. Ngao ya kwanza inamkinga na mwenye jengo. Haimkingi na mwananchi. Mkuu wenu akisaini bila mamlaka, na ofisi ikakaa tupu miezi sita kwa sababu Nairobi imekataa kulipia, kodi ya miezi hiyo sita inaweza kumfuata mpaka kwenye kiinua mgongo. Afisa mhasibu naye haponi: kukasimu kazi hakumvui dhima. Atabaki kuulizwa kwa nini alimwachia mtu kalamu bila kumwangalia.

Ndiyo maana nakushauri msijibu ile barua kwa kulalamika. Jibuni kwa kuomba barua bora, na mwandike ninyi wenyewe rasimu yake, maana ikiachwa kwa Nairobi itarudi fupi kama ya kwanza. Kukodi ofisi ya umma ni kazi nne: kutafuta, kupatana, kusaini na kulipa. Barua iseme ni zipi kati ya hizo zimekasimiwa na ni kwa cheo gani. Itaje Nakuru kwa jina, ukubwa wa juu wa nafasi kwa futi za mraba, kodi ya juu kwa futi, na muda mrefu zaidi mnaoruhusiwa kujifunga. Iseme mamlaka hayo yanaisha lini. Iseme pia ni kitu gani lazima kirudi Nairobi kabla ya kusainiwa. Kwa tawi kama lenu ningependa kirudi kitu kimoja tu: rasimu ya mwisho ya mkataba, ipitiwe na wakili wa taasisi. Kama afisa mhasibu ataamua mkuu wenu atafute na kupatana, kisha yeye mwenyewe asaini, msione mmedharauliwa. Huo ni ukasimishaji halali, na kwa tawi linaloanza ndio salama zaidi.

Umeniuliza maoni yangu juu ya utaratibu wenyewe. Naunga mkono kukasimu, lakini nusu nusu.

Utaratibu wa zamani, wa Nairobi kuamua kila kitu, una madhara ambayo mtu wa Nakuru au Kisumu hahitaji kuelezwa. Faili husubiri meza moja baada ya nyingine mpaka mkataba wa zamani unaisha, kisha taasisi inakaa kwenye jengo bila mkataba na mwenye jengo anapandisha bei anavyotaka. Afisa anayeamua hajui kwamba ofisi aliyoichagua Milimani, Kisumu, inamlazimu mzee aliyetoka Nyakach kupanda matatu hadi stendi kisha boda juu yake, wakati kulikuwa na nafasi Oginga Odinga Street ambayo angeifikia kwa miguu. Yule aliye karibu anajua orofa gani haipandishi maji na mtaa gani hufurika mvua ya masika. Ujuzi huo hauna bei, na hauko Nairobi.

Lakini kuna ujuzi mwingine ambao hauko kwenye matawi. Kupima eneo, kukadiria kodi ya haki, kuandika masharti ya kutoka kwenye mkataba: hizo ni kazi za watu waliozisomea, na tawi la watumishi kumi na wawili halina mthamini. Tena matawi yakiachiwa kila moja kivyake, serikali inashindana na serikali. Taasisi tatu zinatafuta ofisi mtaa mmoja, mwenye jengo anazipokea kwa zamu, kila moja inaambiwa nyingine imeshatoa zaidi. Nimeona hilo katika mji mmoja wa magharibi, na hakuna afisa hata mmoja kati ya wale aliyefanya kosa la kisheria. Walikuwa tu hawazungumzi.

Wamarekani walishapita njia hii. Kule, taasisi iitwayo GSA, iliyoundwa mwaka 1949, ndiyo inayokodi majengo kwa niaba ya idara za serikali kuu. Mwaka 1996 ikawakasimu wakuu wa idara zote mamlaka ya kujikodia ofisi za kawaida. Mlango ulifunguliwa kwa mapana. Kufika mwisho wa 2007 ikaurudisha nyuma: tangu hapo idara ililazimika kuomba ruhusa kwanza kwa kila ofisi iliyotaka, na nafasi yenyewe isifike futi za mraba 20,000. Baadhi ya idara zilikuwa zimevuka mipaka ya walichopewa, na GSA haikuwa na njia nzuri ya kujua ni nani amekodi nini. Sisi hatuhitaji kuiga vipimo vyao. Futi 20,000 Nakuru ni jengo zima. Ninachokitazama ni kwamba hawakufuta ukasimishaji. Waliubakiza, wakauwekea dari na wakataka kuona ombi kabla, badala ya kuona hasara baadaye.

Kwa hiyo wangenisikiliza mimi, matawi yangechagua mahali na jengo, na kwa ofisi ndogo yangesaini yenyewe. Upimaji, ukadiriaji wa kodi na maneno ya mkataba yangebaki kwa wataalamu wa serikali, wanaofanya kazi hiyo kwa taasisi zote, ili wajue orofa ya juu inalipiwa kiasi gani kabla ya kukubali bei ya orofa ya chini.

Turudi kwenye jengo lenu, maana Juni haingoji.

Mkuu wenu "amepata" jengo. Hapo nina wasiwasi zaidi kuliko penye barua. Katiba, ibara ya 227, inataka ununuzi uwe wa haki, wazi, wa ushindani na wenye gharama nafuu. Kutembea mtaani na kupenda orofa si ushindani. Msiseme pia kwamba mtatumia ununuzi wa moja kwa moja kwa sababu muda umebana. Kifungu cha 103 cha sheria ya ununuzi kinauruhusu pale penye dharura, ila dharura hiyo isiwe ilitabirika, wala isiwe imeletwa na uzembe wa taasisi yenyewe. Tarehe ya mwisho ya mkataba mlionao iliandikwa siku uliposainiwa. Hakuna mkaguzi atakayekubali kwamba Juni imewashtukiza. Wala msikate mkataba vipande vya miezi sita sita ili kila kipande kionekane kidogo. Kifungu cha 54 kinakataza kugawa ununuzi ili kukwepa utaratibu, na mkaguzi hujumlisha haraka kuliko mnavyodhani.

Kinachopimwa ni thamani ya mkataba mzima. Chukua mfano wa futi 3,000 kwa shilingi 60 kila futi. Kwa mwezi ni 180,000, kiasi ambacho hakimshtui mtu. Kwa miaka 5 ni 10,800,000, bila nyongeza na bila VAT. Hiyo ndiyo namba ya kwenda nayo kwenye jedwali la kanuni za ununuzi za 2020 kutafuta njia ya ununuzi inayowafaa, na ndiyo ya kuweka kwenye mpango wa ununuzi wa mwaka.

Kabla hata ya kutangaza, mwandikieni kamishna wa kaunti na maafisa wa milki kuuliza kama kuna nafasi kwenye majengo ya serikali hapo Nakuru. Najua jibu huenda likawa hakuna. Lipateni kwa maandishi. Siku mkiulizwa kwa nini mlikodi kwa mtu binafsi wakati jengo la serikali lina vyumba vitupu ng'ambo ya barabara, karatasi hiyo itawatetea kuliko maneno mengi.

Kisha mtangaze mahitaji yenu bila kumtaja mwenye jengo yeyote: futi ngapi, eneo gani la mji, maegesho mangapi, lifti, maji, jenereta. Huyu wa Kenyatta Avenue alete bei yake kama wengine. Hakikisheni kwamba hana udugu na mtumishi wenu wala mjumbe wa bodi. Nakuru ni jiji tangu Desemba 2021, lakini watu bado wanajuana. Kamati ya tathmini ina siku zisizozidi 30 za kumaliza kazi, na matokeo yakishatolewa, siku 14 lazima zipite kabla ya kusaini ili aliyeshindwa apate nafasi ya kupinga mbele ya Bodi ya Rufaa za Ununuzi. Ongeza muda wa kugawa vyumba na kuvuta nyaya, utaona Juni haitoshi. Kwa hiyo mwombeni mwenye jengo la sasa, mapema na kwa maandishi, nyongeza ya miezi michache kwa kodi ileile, iidhinishwe na afisa mhasibu. Kodi ya miezi mitatu kwenye ofisi msiyoipenda ni nafuu kuliko hoja ya ukaguzi.

Kuhusu kuhamia kabla ya kusaini: la. Mkiingia, mmeshachagua. Ushindani unakuwa igizo, mnaanza kudaiwa kodi isiyo na mkataba, na mhasibu wenu hatakuwa na hati ya kulipia. Mwenye jengo anayesema nafasi itachukuliwa kesho anafanya biashara yake, hana kosa. Lakini kama kweli ana mtu mwingine, amkaribishe.

Sasa mkataba wenyewe, nao nitakaa nao kidogo, kwa kuwa humo ndimo fedha zinamopotelea.

Huo muda wa miaka 5 na miezi 3 una historia. Sheria ya wenye majengo na wapangaji wa maduka, hoteli na mikahawa, Sura ya 301, humlinda mpangaji ambaye mkataba wake hauzidi miaka 5: hawezi kuondolewa wala kuongezewa kodi bila notisi rasmi, ambayo ana haki ya kuipinga mbele ya baraza la upangaji. Ili kuikwepa, mawakili wa wenye majengo nchini walizoea kuongeza miezi kadhaa juu ya miaka mitano. Sasa sheria hiyohiyo inasema upangaji ambao Serikali ni mmoja wa wahusika hauingii chini yake. Ikiwa ninyi ni idara ya wizara, mwenye jengo hana cha kukwepa, na ile miezi 3 imo kwa mazoea tu. Mwambieni hivyo, muombe miaka 3 yenye haki yenu ya kuongeza mingine 3. Ikiwa ni shirika lenye nafsi yake, wakili aliangalie kwa makini zaidi, hasa kama mnatoza ada kwa huduma, kwa sababu sheria hiyo inapotaja duka inaingiza pia mahali pa kutolea huduma kwa malipo. Vyovyote iwavyo, mkataba unaozidi miaka 2 ni wa kusajiliwa kwenye masjala ya ardhi. Usiposajiliwa na jengo likauzwa, mmiliki mpya anaweza kuwatazama kama wageni.

La pili ni vipimo. Wenye majengo wengi hutoza kwa eneo lililojumlisha korido, ngazi na hata sehemu ya ukumbi wa chini. Rudi kwenye mfano wangu: mtu akikuuzia futi 3,000 na mpimaji wako akapata 2,550 za kukaa watu, mnalipia futi 450 za hewa. Kwa shilingi 60 hizo ni 27,000 kwa mwezi, 324,000 kwa mwaka, 1,620,000 kwa miaka 5. Si lazima iwe udanganyifu. Kuna masoko ambayo ndivyo bei zinavyotajwa. Tatizo ni kulinganisha jengo linalohesabu korido na lile lisilohesabu, kisha kumpa kazi aliyeonekana wa bei ya chini. Tangazo lenu liseme eneo litapimwaje, na mkataba uambatanishwe na ramani ya orofa yenye vipimo, iliyosainiwa na pande zote mbili.

Bei aliyowatajia, je, ina VAT ndani? Kodi ya ofisi hutozwa VAT ya asilimia 16 mwenye jengo akiwa amesajiliwa, kwa hiyo 180,000 huwa 208,800. Bajeti nyingi za matawi huvunjikia hapo. Ada ya huduma nayo, ile ya ulinzi, usafi na lifti, isiachwe wazi. Ikiandikwa tu kwamba mpangaji atalipa "sehemu yake", mtakuja kulipia rangi ya jengo zima. Wekeni kiasi kwa futi, na dari ya nyongeza ya kila mwaka.

Kodi yenyewe itapanda. Wengi huandika nyongeza ya kila mwaka au kila miaka 2. Ijadilini sasa, kwa tarakimu. Na hapa niwatetee kidogo wenye majengo. Wanajua serikali hulipa kwa kuchelewa, na wanajua Sheria ya Mashauri ya Serikali haimruhusu mtu kukamata mali ya Serikali hata akiwa na hukumu ya mahakama mkononi. Mpangaji wa kawaida asipolipa, madalali huja kuchukua viti. Kwenu hawaji. Hatari hiyo huingizwa kwenye bei kimyakimya. Mkiweza kuonyesha kwamba taasisi hulipa kila robo mwaka kwa wakati, onyesheni. Ni hoja nzuri ya kushusha kodi kuliko kulia umaskini wa serikali.

Fanyeni utafutaji rasmi wa hati ya ardhi. Mwenye jengo awe ndiye mmiliki, au awe na idhini ya mmiliki. Jengo likiwa na rehani ya benki, idhini ya benki iambatanishwe, maana mnada ukija hautawauliza. Muda uliobaki kwenye hati ya kiwanja uzidi muda wa mkataba wenu. Ombeni cheti cha kaunti cha kuruhusu jengo kutumika, na cha usalama wa moto. Halafu mtu mmoja wenu atumie kiti cha magurudumu, au amsindikize anayekitumia, kutoka barabarani mpaka kaunta itakapokuwa. Ibara ya 54 ya Katiba inampa mlemavu haki ya kuyafikia maeneo yote kwa njia inayofaa, na lifti iliyobandikwa karatasi ya "mbovu" tangu Krismasi si lifti.

Mwisho, njia ya kutoka. Serikali huunganisha taasisi, huzivunja, huzihamishia wizara nyingine. Wekeni kifungu cha kuwaruhusu kuondoka kwa notisi ya miezi mitatu au sita endapo fedha hazikutengwa au taasisi imeunganishwa na nyingine. Mwenye jengo atataka kitu badala yake, pengine kodi ya miezi kadhaa; kipatanisheni, lakini msisaini bila kifungu hicho. Na angalieni kifungu kinachowataka kurudisha jengo lilivyokuwa. Bila ushahidi wa lilivyokuwa, mtapaka rangi na kung'oa vigae ambavyo hamkuviweka. Siku ya kupokea funguo pigeni picha za kila chumba, dari na vyoo pamoja, mziambatanishe na orodha ya hali ya jengo, pande zote zisaini. Nakala moja ya mkataba, barua ya kukasimu na picha hizo ibaki kwenye kabati la Nakuru, si kwenye simu ya mkuu wa tawi. Wakuu huhamishwa, na atakayerudisha funguo hizo baada ya miaka mitano huenda leo yuko Lodwar au Voi, hajui hata kwamba jengo hilo lipo.